Mutoto akitaka kusoma lettres, tusimukatalie

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa Bweremana na wa milima ya Masisi, tunajua mazungumuzo ya nyumbani kisha mutoto kupata diplôme d'État. Akisema anataka médecine ao génie civil, jamaa yote inafurahi. Akisema histoire ao lettres, muzazi anauliza: «Ile itakupatia mukate gani?» Pesa ya shimo inatoka na jasho, mara zingine na damu. Hakuna mutu anapenda kuitupa.

Ulizo hilo ni la haki. Kazi ni chache, na wengi waliosoma wanalipwa kidogo. Lakini mimi niko mutu wa sendika, na ninaona fasi tunashindwa zaidi: ni kwenye karatasi.

Kode ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka muchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative yenye kutambuliwa. Imeandikwa kwa Kifaransa. Nani ataigeuza kwa Kiswahili, ili mutu wa shimo aelewe haki yake mbele ya kutia mukono? Ni mwenye alifundishwa luga, mwenye anajua kupima neno na kuuliza: hapa wanataka kusema nini?

Tena kuna kukumbuka. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière kule Katanga waligoma, wakaomba mushahara upandishwe. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Léonard Mpoyi, mwenye alisema kwa ajili yao, alikufa pale. Tunajua ile yote kwa sababu watu wa histoire walichimba katika karatasi za zamani, wakakaa na wazee, wakaandika. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu cha Lubumbashi, alichapisha mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, tangu 1910 mpaka 1997.

Sisi huku, nani anatuandika? Shimo likianguka, redio inataja hesabu ya waliokufa siku mbili, kisha kimya. Mwaka ukipita, mujane akidai haki yake, hana hata ukurasa mumoja wa kuonyesha.

Sisemi watoto wote waende lettres. Nasema mwenye kipaji asifukuzwe. Na koperative zetu zianze na kitu kidogo: likizo ikifika, zimupe mwanafunzi mumoja wa histoire daftari na pesa ya njia, aandike majina ya waliokufa, siku, shimo, na maneno ya familia. Enjenia atatufundisha namna ya kushikilia shimo lisianguke. Huyu mwingine atafanya kusudi kesho mutu asiseme kwamba hatukuwa ndani.