Mia yangu ya kukata mti wa bundi hamuipati

Wasee, kuna mchango unazunguka mtaani wiki hii. Kila nyumba mia, tukodi jamaa wa msumeno aangushe ule mti mkubwa wa kiwanjani, hapa pande za Makadara. Kosa la mti? Bundi wawili hulala humo mchana. Ati tangu waje, mtaa umezika watu watatu.

Mimi sitoi hata ndururu.

Hao bundi wako hapo tangu mvua za Aprili na wanalia karibu kila usiku. Hebu mtu anihesabie usiku zile walilia na hakuna mtu alikufa. Hizo hamzihesabu, sindio? Halafu jiulize: nani husikia bundi saa tisa usiku? Ni mtu aliye macho. Na mara nyingi aliye macho saa hiyo ana mgonjwa ndani ya nyumba. Wewe mwenye umelala fofofo hujasikia kitu, na bundi ni yuleyule. Mgonjwa akienda, tunaweka hema la matanga, watu wanakesha wiki nzima, wali unamwagika, panya wanakuja kula, bundi anawafuata panya. Kisha mnaanza: "Si mliona? Amerudia mwingine!"

Nimekaa kiwanjani jioni nyingi nikiwaangalia. Zile pembe mnaogopa ni manyoya tu. Dume analia mara mbili, sauti nzito. Jike anamjibu mara tatu. Yaani hiyo sauti inawafanya mkemee mapepo dirishani ni mtu na mke wake wanaitana kabla ya kutoka kazini. Wakipaa husikii kitu, kwa sababu kingo za manyoya ya mabawa yao ni laini na zinaua sauti ya upepo. Panya akija kujua, ameshabebwa. Chini ya mti kuna vidonge vya kijivu, matapishi yao. Vunja kimoja uone: manyoya, mifupa, fuvu la panya na meno yake ya rangi ya machungwa. Huyo ndiye alikuwa akikutafunia unga kejani.

Na hapa ndio nakasirika. Mtaa huu unalia panya kila siku. Yule buda wa kipaza sauti akipita na wimbo wake wa panya, mende, kunguni, mnatoka mbio kununua sumu. Panya akila hiyo sumu hafi papo hapo, anayumbayumba nje, bundi anamdaka kirahisi, naye sumu inamuingia. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu na anaweza kuzaa wanane, kisha anaanza tena. Bundi kama hawa hutaga mayai mawili, matatu, na kwa kawaida ni mara moja kwa mwaka. Hiyo mbio nani anashinda?

Mnataka kuongea juu ya kifo? Mwaka 2022, kule Lindi, Tanzania, watu watatu walikufa kwa homa ya mgunda. Ugonjwa huo huenezwa na mikojo ya wanyama, panya wakiwemo. Watu watatu, kama hao wetu. Sijasikia hospitali yoyote imeandika kwa cheti kwamba mtu ameuawa na bundi.

Sikejeli shosh akisema ndundu ni mkosi, wala dani akisema hivyo juu ya tula. Wao walikuwa na giza la kijijini na hakuna aliyewaeleza. Lakini wewe una simu, una bando, umemaliza Form Four, na bado unabeba manati? Na kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria, kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Msije mkasema hamkuambiwa.

Lile biwi la taka kando ya kiwanja lina karibu miaka miwili. Linanuka, watoto wanacheza juu yake, panya wanazaa ndani. Hakuna siku hata moja mtu amebisha mlango kuomba mia ya kuliondoa. Mti wenye kivuli ndio umepata kamati, mweka hazina na daftari la majina!

Mia yangu iko hapa. Mwenye anachangisha ya mkokoteni na makoleo, abishe leo jioni. Nitakuwa kejani mpaka saa mbili, baada ya hapo nitafute kiwanjani.