Mwalimu Amwogopaye Mwanafunzi

Yako madarasa ambayo mgeni akiingia hawezi kutambua mara moja mkubwa ni nani. Mwenye chaki asema kwa sauti ndogo, uso ameuelekeza ubaoni. Na kule nyuma, karibu na dirisha, ameketi kijana mrefu, miguu ameinyosha, na darasa zima lamtazama yeye. Sisi walimu wa hapa Nangara twamfahamu kijana huyo. Kila mwaka yupo, jina tu ndilo libadilikalo.

Twataka kusema neno ambalo wenzetu hawatalipenda. Viboko vingi vipigwavyo shuleni havitokani na kupenda adabu, bali vyatokana na hofu. Mwalimu amemwogopa yule mrefu wa nyuma, akaona haya. Basi humkamata mtoto mdogo wa mbele aliyesahau kalamu, akamchapa mbele ya wote. Darasa halidanganyiki. Hata yule mdogo ajua kwamba amelipishwa deni la mwingine.

Hatusemi haya kama watu wasio na kosa. Tulipoanza kazi, katika shule moja tusiyoitaja, tulimwinulia fimbo kijana aliyezoea kuchelewa. Akaishika hewani, asitupige wala asiiachie. Darasa likawa kimya hata tukasikia kuku uani. Tukaiachia sisi, tukarudi ubaoni, na hesabu tuliyokuwa tukiifundisha ikatupotea kabisa. Jioni tulimkuta njiani, tukamwuliza sababu. Akajibu, "Mwalimu, nisingekupiga. Lakini hujaniuliza hata siku moja natoka wapi asubuhi." Kumbe alikuwa akiwafikisha ng'ombe wa baba yake mdogo malishoni kabla ya kuja shule. Hatusemi kwamba tangu siku ile akawa malaika. Aliendelea kuchelewa, na kiburi chake hakikwisha. Ila hakututisha tena, maana sasa tulikuwa na neno la kuzungumza naye.

Wako na wengine, wajionao werevu, ambao humpa mkorofi ukiranja, na fimbo juu yake, ili awapige wenziwe. Hiyo si hekima hata kidogo. Ni kodi alipayo mwalimu apate kuachwa salama, na walipao hasa ni watoto.

Tena wazazi watuambia, hata nje ya kanisa siku ya Jumapili, "Mwalimu, nyama yako, mifupa tuachie." Wasema fimbo ikiondoka shule zitateketea, hutuonyesha Kenya, iliyokataza viboko mwaka 2001, na ambako shule nyingi zilichomwa moto mwaka 2016. Twawauliza: Je, na Chunya? Oktoba 2019 mabweni ya shule ya sekondari ya Kiwanja yaliungua, katika nchi yetu hii ambayo fimbo imo katika sheria. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya akaenda, akawachapa wanafunzi 14 kwa mkono wake mwenyewe, na Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, akamsifu hadharani. Fimbo iliyokuwapo haikuuzuia moto. Na kanuni za mwaka 2002 zasema achapaye ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Mkuu wa mkoa hakutajwa humo. Nasi walimu tusicheke, maana ni wangapi kati yetu waliokwisha kukiona kitabu hicho?

Huko Bukoba, Agosti 2018, alifariki mtoto wa darasa la tano baada ya kuchapwa shuleni, kwa kudhaniwa kwamba ameiba mkoba wa mwalimu. Darasa la tano! Wasemao kwamba fimbo ni kwa ajili ya majitu ya nyuma na watueleze habari ya mtoto huyo.

Basi twawaomba wakuu wa shule jambo moja. Kabla muhula haujafunguliwa, kila mwalimu na aandike jina la mwanafunzi amwogopaye kuliko wote, kisha aende kwao, aketi na wazee wake, aone kijana huyo alalapo na kazi afanyazo. Twajua watu watanung'unika kwamba hakuna posho ya safari hizo. Wetu sisi akaa mwendo wa nusu saa, upande wa mlima Kwaraa. Tutakwenda Jumamosi.