Mbao ya saba, mita inasema sita

Ku masoko ya Kolwezi na Lubumbashi, shevroni inauzwa kwa jina: "saba kwa tano". Mutu wa mine anapata mushahara, analipa, anapeleka ku parseli. Fundi akiweka mita, anakuta sentimita sita na nusu hapa, sita kule. Ni wizi?

Si kila mara. Lile jina ni kipimo cha mbao yenye kutoka ku musumeno, ingali mbichi. Ikikauka, upana na unene vinapunguka. Kiisha mashini ya rabo inakula milimita zingine. Shida ni kwamba bei inabakia ile ya jina.

Na hasara haiko ya franka tu. Nguvu ya shevroni inafuata kimo mara kimo: saba mara saba ni 49, sita mara sita ni 36. Zaidi ya robo ya nguvu imepotea, na ndiyo yenye kubeba malata juu ya watoto.

OCC iko na kazi ya kuchunguza bidhaa. Iangalie na mbao, muuzaji aandike kipimo cha kweli. Kwa sasa, ndugu, enda ku depo na mita yako. Pima kila mbao ku miisho yote miwili na katikati, chagua zenye kulingana, kiisha ndio ulipe.