Farasi Mia Nne, Breki za Mwaka 1970

Mwonyeshe kijana mpenda magari Datsun 240Z ya mwaka 1970, kisha muulize angeifanyia nini. Kabla hata boneti haijafunguliwa, atakutajia injini. Mmoja anataka RB26 ya Skyline, mwingine 2JZ ya Supra, wa tatu anataka V8 ya Kimarekani. Kila jibu linakuja na namba yake: farasi mia nne, mia tano, mia sita. Nimeonyeshwa mipango ya aina hii mingi mno, hata siku hizi naanza kuisoma kutoka chini nikitafuta neno "breki". Mara nyingi nafika juu bila kuliona.

Nasema bila kumung'unya maneno: mpango unaoanza na injini ni majigambo yaliyoandikwa kwa mistari. Tena ni majigambo yanayoweza kuua.

Tulitazame gari lenyewe. 240Z ilitoka kiwandani na injini ya L24: silinda sita mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, kabureta mbili, na farasi 151 kwa hesabu iliyotangazwa Marekani wakati ule. Uzito wake ni tani moja na kidogo. Mbele ina breki za diski, nyuma za drumu. Haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, vizingiti vya milango na mihimili iliyochomelewa chini ya bodi ndiyo mifupa yake, na yote hiyo ni bati lililokunjwa. Bati hilo sasa lina zaidi ya miaka 50. Kutu hupenda sakafu, na hupenda zaidi pale chini ya betri ambapo asidi hudondokea. Waliolibuni gari hili walipima kila kitu, breki, difu, rejeta na bodi, kwa kuzingatia injini ile. Ukileta farasi 400 umevuruga hesabu nzima, hata kama ulichobadilisha ni kifaa kimoja.

Fizikia ya sekondari inatosha kueleza hatari yake. Nishati ya gari linalotembea hukua kwa mraba wa kasi. Gari likiwa kwenye kilomita 140 kwa saa hubeba karibu mara mbili ya nishati ya gari hilohilo likiwa kwenye kilomita 100. Ukikanyaga breki, nishati hiyo lazima igeuke joto ndani ya vipande vichache vya chuma. Vikizidiwa, pedali inashuka na gari linaendelea kwenda. Mbele yake kuna bodaboda, kuna watoto wanaovuka kwenda shule, kuna mama aliyebeba kuni. Hao hawakushauriwa ulipokuwa ukiagiza injini.

Kwa hiyo mpango wangu huanza na kutu: bati lililooza likatwe na kuchomelewa upya kabla ya senti kwenda kwingine. Kisha breki, pamoja na mabomba yake na silinda kuu. Kisha shokapu, springi, bushi na matairi. Kisha rejeta, kwa sababu foleni ya mchana inachemsha injini kuliko mashindano. Kisha difu. Injini ni ya mwisho, na hata hapo kuna jibu la heshima: L28 ya lita 2.8, ndugu wa damu wa L24, ambayo inakaa mahali palepale bila kukata bodi.

Najua nitakavyojibiwa. "Wewe unataka gari la makumbusho." Hapana. Orodha yangu inabadilisha vitu vingi kuliko ya mwenye V8. Ninachobishania ni utaratibu. Wengine watanikumbusha kwamba 240Z ni gari la mashindano. Vizuri, twende huko. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda tena kwa gari hilo. Ndiyo, injini zao ziliongezwa nguvu. Lakini Safari ile ilipita katika barabara za kawaida za Afrika Mashariki, kwa vumbi, mashimo na tope la mvua za Pasaka, na magari mengi yaliyoanza hayakufika mwisho. Aliyeshinda alikuwa na gari lililobaki zima. Sifa ya 240Z tunayoringia ilipatikana kwa uvumilivu, na sisi tunataka kuirithi kwa namba ya kutamba nayo mitandaoni.

Kuna hoja moja ambayo hata mkaidi huielewa, nayo ni ya mfukoni. Kujenga gari la zamani hula fedha kuliko ulivyopanga. Kutu huwa nyingi kuliko ilivyoonekana, na spea husafiri kutoka mbali. Fedha itaisha njiani. Jiulize itakapoisha utakuwa umebaki na nini. Aliyeanza na injini amebaki na injini ya bei kali ndani ya bodi iliyokatwa, juu ya mawe, nyuma ya gereji, na jirani ameshaanza kuanika nguo juu yake. Aliyeanza na kutu na breki amebaki na Datsun ya farasi 151 inayokata kona vizuri na kusimama inapoambiwa. Jumapili asubuhi ataiwasha na kwenda nayo Naivasha, na injini kubwa ataingoja akiwa anaendesha.