Masta Imekwama? Bondo Unahitaji Mbogi, Si Motivesheni

Wasee, tuseme ukweli. Mgomo wa wahadhiri ulipoanza Septemba 17, 2025, kila mtu alibonga kuhusu makomredi wa digrii ya kwanza. Mitihani itakuwaje? Keja zinalipiwa za nini? Siku 49 baadaye, Novemba 5, mgomo ukaisha na stori ikaisha nayo. Lakini kuna watu hakuna aliyewauliza wako aje: wale wa masta na PhD. Hao hata bila mgomo, supavaiza anaweza kunyamaza siku 49 na hakuna gazeti litaandika.

Chukua Bondo. Chuo cha Jaramogi Oginga Odinga, JOOUST, kilianza 2009 kama koleji chini ya Maseno, kikapata chata 2013. Oktoba 2025 nchi nzima ilikiona kwa TV wakati ibada ya mazishi ya Raila Odinga ilifanyika hapo. Na utafiti upo. Kituo chao cha INSEFOODS, kilichotoka kwa mradi wa Benki ya Dunia, kinasomea vile wadudu wanaweza kuwa chakula cha watu na mifugo. Si ati watu wamelala.

Ngori ni maisha ya mwenye anafanya huo utafiti. Masomo ya darasani yakiisha, darasa linavunjika. Mmoja anarudi kufundisha sekondari huko Siaya, mwingine ako ofisini Kisumu, mwingine ako ufuoni Usenge na fomu za maswali. Unabaki wewe, laptopu na chapta ya pili yenye haiishi. Digrii ya kwanza ukipotea wiki mbili, rumi wako atauliza. Ukiwa PhD unaweza kupotea miezi sita na mtu asigundue.

Na si wewe ni mlaini. Mwaka wa 2018 jarida la Nature Biotechnology lilitoa utafiti wa wanafunzi 2,279 wa masta na PhD kutoka nchi 26. Asilimia 41 walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati hadi mkali. Kwa watu wa kawaida ni asilimia 6.

Ongeza sheria zetu hapo juu. Mwongozo wa tume ya vyuo vikuu, CUE, wa 2014 ulitaka mtu wa PhD achapishe makala mbili kwa majarida, wa masta moja. Pia ukasema msimamizi mmoja asizidi wanafunzi 5 wa masta na 3 wa PhD kwa mwaka. Poa sana kwa karatasi. Lakini 2019 JKUAT ilipotoa PhD 118 kwa graduesheni moja, maswali yakaanza: nani aliwasimamia wote? CUE ikatumwa kuchunguza. Ujumbe ni gani? Wasimamizi ni wachache, foleni ni refu. Ukingoja umakini wote utoke kwa mtu mmoja, utazeeka.

Sasa, dawa yenye imeshajaribiwa hapa Afrika ni kuwekana pamoja. CARTA, muungano wa vyuo ulioanza 2008 ukiongozwa na APHRC ya Nairobi na Chuo cha Wits cha Afrika Kusini, huchukua watu wa PhD kwa makundi. Kundi moja linapitia semina nne pamoja, kutoka kupanga utafiti hadi maisha baada ya PhD. Mnaanza pamoja, mnajuana, mtu akichelewa anaonekana.

Huna hiyo bajeti? Huku ziwani tayari unajua nyoluoro. Mama wa omena hakosi kuleta mchango wake kwa sababu wenzake wanamngoja. Fanya hivyo hivyo, lakini badala ya doo, leteni kurasa.

Iendeshwe aje?

Muwe wanne hadi sita. Mkizidi hapo, wengine watakuwa wasikilizaji tu.

Siku moja, saa moja, kila wiki mbili. Kila mtu aseme ameandika nini na ataandika nini. Kazi ya mmoja isomwe na wote. Msiwe wa somo moja lazima. Mtu wa hesabu akishindwa kuelewa utangulizi wako wa elimu, pengine utangulizi ndio mbaya.

Ya nyumbani yasemwe pia, na yabaki hapo. Mtu akianza kuongea kama amechoka na maisha, hiyo si kazi ya mbogi pekee. Mpelekeni kwa mshauri au hospitali, na muende naye.

Halafu chungeni wale wa "nitakuandikia chapta ya nne, lipa nusu kwanza." Vijana wengi Kenya wamekula kupitia kuandikia wanafunzi wa ng'ambo, na hao hao wako kwa magrupu ya WhatsApp ya masta wakitafuta wateja. Mtu peke yake saa nane usiku ndiye hununua. Mwenye ana mbogi huuliza kwanza.

Mimi campo niliachia njiani, so sikuuzii ndoto ya gauni na kofia. Na sisemi chuo kiachiliwe. Mbogi haiwezi kukusainia fomu wala kuajiri wahadhiri. Lakini watu watano wakienda ofisini na swali moja, wanajibiwa haraka kuliko mmoja mwenye anabisha kila Jumatatu.

Wewe uko chapta gani saa hii? Na ni nani mwingine anajua?