Ufadhili wa Serikali Vyuoni Uelezwe Wote

Kila mara majina ya wanafunzi waliopata ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma yanapotangazwa nchini Uganda, sauti mbili husikika. Moja husifu tu, kwamba mpango huu humchagua kila mtoto mwenye akili. Ya pili hulaumu tu, kwamba nafasi zimekwisha gawiwa wenye uwezo. Mzazi wa Masese anayeamkia mwaloni kuuza samaki ili alipe karo ya kidato cha sita hafaidiki na sauti hizo mbili.

Ukweli ni kwamba nafasi hizo ni kama 4,000 kwa mwaka. Robo tatu hivi hutolewa kwa ushindani wa taifa zima, na masomo ya sayansi ndiyo yanayopewa uzito. Hapa sifa ni ya haki, maana msahihishaji hamjui mtoto wa waziri wala wa mvuvi. Lakini shule yenye maabara kamili, na ile ambayo majaribio ya kemia huchorwa ubaoni, hukutana katika karatasi ileile ya mtihani.

Ili kupunguza tofauti za namna hiyo, mwaka 1990 wasichana walianza kuongezewa alama 1.5 wakati wa kuingia chuoni. Wako wanaodai kuwa nyongeza hiyo hushusha kiwango cha elimu. Hoja hii tunaiona dhaifu, kwani alama hizo huishia mlangoni. Atakaye shahada ya daraja la kwanza pale Makerere hana budi kufikisha wastani wa 4.40 kati ya 5.00, awe mvulana au msichana.

Zenye utata zaidi ni nafasi za wilaya, zilizoanzishwa mwaka 2005 na kugawanywa kwa kadiri ya idadi ya watu. Nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo, malalamiko yamesikika mara nyingi kuwa watoto waliosoma katika shule za gharama mijini hukumbuka wilaya za babu zao siku ya kuomba nafasi tu. Kwa Masese jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, watu wengi wamehamia Jinja kufuata kazi, wengine wakitoka mbali kama Karamoja. Je, mtoto aliyezaliwa Masese na kusoma Masese, wilaya yake ni ipi? Akipelekwa kwa babu yake, atashindania nafasi za mahali asipopajua. Akihesabiwa Jinja, wenyeji nao wana haki ya kuuliza zimebaki ngapi.

Ipo pia mikopo ya serikali tangu mwaka 2014, lakini hiyo hulipwa.

Wakuu wa shule wayaeleze haya yote mwanafunzi anapochagua masomo ya kidato cha tano, wala wasingoje majina yatangazwe. Anayeacha fizikia kwa kukosa maabara amekwisha poteza sehemu kubwa ya nafasi hizo kabla hajaketi mtihani.