Neno la Mhariri: Fadhila ya Chaguo la Pili

Toleo hili tumelitenga kwa kadhia moja, nayo ni hitilafu iliyowagawa watu wa Uingereza tangu tarehe 23 Juni 2016, walipoulizwa kwa kura ya maoni kama nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au ijitoe, hata ikafika tarehe 31 Januari 2020, ilipojitoa. Kadhia hii haiko mbali nasi kama ramani inavyodhanisha, kwani Mkenya, Mtanzania au Mganda aliyekuwa na makazi ya halali Uingereza aliruhusiwa kupiga kura siku ile, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola, ilhali jirani yake Mfaransa au Mjerumani asiyechukua uraia, ambaye ndiye hasa aliyewekwa mizanini, hakuruhusiwa. Maadamu watu wetu walikuwa miongoni mwa walioulizwa, si ufidhuli sisi nasi kuyatafakari yaliyofuata baada ya jibu.

Jibu lilikuwa kujitoa, kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. England na Wales zilitaka kutoka, Scotland na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki, na karatasi ya kura, iliyokuwa na visanduku viwili tu, haikutamka neno juu ya namna ya kutoka: kama nchi itasalia katika umoja wa forodha, au katika soko la pamoja, au itayaacha yote mawili, wala haikueleza utafanywaje mpaka baina ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, wenye urefu wa takriban kilomita 500, ambao uwazi wake umefungamana na amani iliyopatikana kwa taabu mwaka 1998. Maswali hayo yote waliachiwa wabunge, na wabunge walipoyafikia wakakwama.

Waziri Mkuu Theresa May, aliyepoteza wingi wake katika uchaguzi wa Juni 2017 na tangu hapo akaishi kwa hisani ya wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini, aliuleta Bungeni mkataba wake wa kujitoa tarehe 15 Januari 2019, ukakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Akaurudisha tarehe 12 Machi, ukakataliwa kwa 391 dhidi ya 242. Akaurudisha tena tarehe 29 Machi, siku iliyokuwa imepangwa tangu awali kuwa ndiyo ya kuondoka, ukakataliwa kwa 344 dhidi ya 286. Huku nje halaiki ya watu ilijaa barabara za London kudai kura ya pili, wengine zaidi ya milioni 6 wakatia saini ombi la kufuta safari yote, na wengine wakakusanyika mbele ya Bunge wakilalamika kwamba ahadi waliyopewa inavunjwa mchana kweupe. Kila kundi lilisema kwa jina la wananchi, na hakuna kundi lililosema uongo mtupu, kwani wananchi wenyewe walikuwa wamegawika vivyo hivyo.

Aghalabu husemwa kwamba mkwamo ule ulitokana na uhaba wa njia, na mimi naona kinyume chake. Njia zilikuwa maridhawa; kilichokosekana ni watu waliokuwa tayari kukiri hadharani ni lipi watakaloliridhia iwapo lile walilolitamani halipatikani. Ushahidi wa dai hili umo katika zile siku mbili, tarehe 27 Machi na tarehe 1 Aprili 2019, ambazo wabunge waliitwaa ratiba ya Bunge kutoka mikononi mwa serikali ili watafute wao wenyewe suluhu. Siku hizo hawakupita milangoni kwenda kuhesabiwa, kama ilivyo ada yao ya miaka mingi. Kila mmoja alipewa karatasi yenye orodha ya mapendekezo, na mbele ya kila pendekezo nafasi ya ndiyo na nafasi ya hapana. Siku ya kwanza walipima mapendekezo 8 wakayakataa yote. Siku ya pili walipima 4, nayo wakayakataa yote. Pendekezo la umoja wa forodha, lililoletwa na mkongwe Kenneth Clarke, lilishindwa kwa kura 3 tu, 273 dhidi ya 276, na lile la kuwarudishia wananchi mkataba wowote wauthibitishe kwa kura lilishindwa kwa kura 12. Karatasi ile haikumwuliza mtu lipi analiweka mbele na lipi analifuatisha, naye hakuona haja ya kujiuliza. Basi waliotaka kubaki wakauona umoja wa forodha kuwa ni makombo, baadhi yao wakaukataa na baadhi wakajizuia, na miongoni mwa walioutaka umoja wa forodha wakawamo walioiona kura ya pili kuwa ni hiana kwa kura ya kwanza, wakaikataa nayo.

Jioni ile ya Aprili mosi, matokeo yalipokwisha kusomwa, alisimama Nick Boles, mbunge wa chama tawala cha Conservative, ambaye pendekezo lake la kubaki katika soko la pamoja lilikuwa limeshindwa, akasema kwamba amefanya kila awezalo kutafuta maafikiano, kwamba ameshindwa, na kwamba sababu kubwa ya kushindwa kwake ni chama chake kukataa kuafikiana. Kisha akatangaza kwamba hawezi tena kuketi kwa jina la chama hicho, akashika njia akatoka, na mwenzake mmoja akimsihi asiende. Clarke naye, ambaye Februari 2017 alikuwa mbunge pekee wa chama hicho aliyepinga hata kuanza kwa safari, aliuunga mkono mkataba wa May ulipoletwa, kwa kuwa aliona ni afadhali kutoka kwa utaratibu kuliko kutoka kwa fujo. Watu kama hawa hawakuwa na msimamo dhaifu. Walikuwa na msimamo wenye daraja, na daraja ndiyo iliyowawezesha kuzungumza na asiyekuwa wa upande wao.

Itapingwa hoja hii, na kwa haki, kwamba waliotaka kutoka kabisa hawakuridhia chochote pungufu, na mwishowe wakapata walichokitaka. Naam, walikipata. Boris Johnson alishika uwaziri mkuu baada ya May, Julai 2019, akajaribu kusitisha vikao vya Bunge hata majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa kauli moja kwamba jambo hilo lilikuwa batili, akaitisha uchaguzi tarehe 12 Desemba, akapata viti 365 kati ya 650 kwa asilimia 43.6 ya kura. Lakini tuangalie ushindi huo ulijengwa juu ya nini: ulijengwa juu ya kutawanyika kwa wengine wote, ambao kila mmoja alilinda chaguo lake la kwanza mpaka la pili likampita. Waliokataa umoja wa forodha kwa kuwa ni mdogo waliishia kuiona nchi ikitoka katika umoja wa forodha na katika soko la pamoja pia. DUP, waliokataa mara tatu mkataba wa May kwa hofu ya kutengwa na Uingereza, waliletewa mkataba uliouweka ukaguzi wa bidhaa baharini, baina yao na sehemu nyingine za Uingereza. Wazee walisema mtaka yote hukosa yote, na ni nadra methali kuthibitishwa kwa hesabu za wazi namna hii. Ama washindi, walirithi nchi ambayo karibu nusu yake haikupata kusikilizwa katika namna ya kuondoka, na ushindi usioacha nafasi kwa aliyeshindwa hubaki deni.

Nashikilia basi kwamba insafu baina ya watu waliohitilafiana haipatikani kwa kuhesabu matamanio ya kwanza peke yake. Anayewauliza wananchi swali zito ni faradhi awawekee mbele maandishi ya jambo lenyewe, wajue wanachokikubali. Na baraza linalotafuta suluhu ni faradhi liwaulize wajumbe wake mpangilio wa mapenzi yao, si mapenzi tu, kwa kuwa ijmai haikai penye chaguo la kwanza la mtu yeyote.

Waandishi wa toleo hili hawakubaliani. Yumo anayeamini kwamba kura ya pili ndiyo iliyokuwa haki, yumo anayeiona kuwa ni dharau kwa waliokwisha kusema, na yumo anayelaumu katiba ya Uingereza isiyoandikwa. Sikumtaka hata mmoja apunguze makali ya hoja yake. Nimemtaka kila mmoja jambo moja tu, kwamba mwisho wa makala yake aandike bayana ni suluhu gani angeikubali kwa moyo safi lau lile analolipigania lisingepatikana. Wote wameandika, na msomaji atakayezilinganisha kauli hizo za mwisho ataona kwamba zinakaribiana kuliko makala zilizozitangulia.